Ndege Niliowaandika kwa Wino

Bomba la bustani ya stesheni ya Voi lilivuja kwa sababu Mtunza Bustani alitaka livuje. Stesheni masta alimwamuru alitengeneze, naye alilitengeneza kwa spana na uzi wa katani na heshima zote, na siku ile halikudondosha hata tone. Kesho yake asubuhi lilikuwa linadondoka tena, tone baada ya tone, juu ya jiwe ambalo mwenyewe alikuwa amelichonga katikati kama sahani. Stesheni masta akaja, akalitazama, akasema, "Wewe mzee, bomba hili lina shetani?"

Mtunza Bustani akavua kofia. "Lina umri, bwana. Kama mimi."

Wakati wa kiangazi, Voi yote ikiwa vumbi jekundu kuanzia relini hadi miguuni mwa milima, jiwe lile ndilo lililokuwa kisima cha ndege wa mji mzima. Treni ya alasiri ilipokwisha kuondoka na moshi kutawanyika, walianza kushuka. Kwanza njiwa, ambao hawana subira wala aibu. Kisha chozi wadogo wanaong'aa kama mafuta yaliyomwagika majini. Kisha wale wa rangi ya majani makavu ambao huwaoni mpaka wamekwisha kunywa. Kulikuwa na nusu saa kila siku ambayo bustani ile, yenye mawe yaliyopakwa chokaa na vijiti vya maua vilivyokonda kwa jua, ilijaa uhai kuliko soko. Sijapata kuona furaha nyingine iliyokuwa karibu nami hivyo, na ambayo nilishindwa kuifurahia vizuri.

Kushindwa huko ni kwangu. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na nasema hivyo mapema ili msomaji asitarajie utulivu. Nilitoka kijijini Wusi nikiwa na madarasa manne tu. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa vifurushi, maana kazi yangu ilikuwa karani wa vifurushi, na dirisha la ofisi yangu lilitazama bustani. Nikiandika ukurasa na wino ukadondoka, naurarua. Nikiurarua, naanza tena tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu mwandiko wa leo haufanani na wa jana. Kitabu ninachokisimulia hapa nimekinakili mara nane.

Kilianza hivi. Abiria mmoja alisahau ndani ya behewa kitabu cha Kiingereza cha ndege, kimepoteza jalada. Hakuna aliyekuja kukidai. Nilikisoma kwa shida mwaka mzima, nikagundua kwamba kilikuwa cha ndege wa Ulaya, na ukiacha mbayuwayu na wengine wachache, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Voi. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nikaamua kuandika kitabu kingine, cha Kiswahili, cha ndege wa bustani moja tu, kisicho na kosa hata moja. Mwalimu mmoja wa Bura aliponisikia alisema, "Kikiwa safi niletee. Nitakifundishia watoto." Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kosa langu lingekuwa kosa la darasa zima, na darasa lingekuwa na watoto wake, na watoto hao wangekuwa na wa kwao.

Mtu pekee aliyeweza kunihakikishia kwamba sikosei alikuwa Mtunza Bustani, na yeye hakuhakikisha kitu.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alivaa koti la reli hata jua la saa saba. Tukiwa wawili tulizungumza Kidawida, na mtu mwingine akija Kiswahili. Hapa nayaweka yote katika Kiswahili. Aliniita "karani" nilipomchosha na "mwanangu" nilipomchekesha, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa karani.

Hakuonyesha ndege kwa kidole. Alionyesha kwa kidevu, tena kidogo tu, kama mtu anayemnong'oneza jirani kanisani. Ukinyosha kidole alikipiga kwa upande wa kiganja. "Wewe ukinyoshewa kidole unakaa?" Basi nilijifunza kufuata kidevu cha mzee, na kidevu si kitu cha kutegemea. Kilinielekeza kwenye mti, lakini mti ulikuwa na matawi thelathini. Nikiuliza, "Lipi, Mzee?" alijibu, "Lile lenye ndege."

Wala hakuhesabu. Alikuwa Mkatoliki wa Bura, rozari mfukoni, Jumapili hakosi, lakini kitu kinachopumua hakukihesabu, wala mbuzi wake, wala watoto wake. Nilipomwuliza ana watoto wangapi alisema, "Wapo, wanatosha sufuria." Nilipohesabu njiwa kwa sauti aliziba masikio. "Nyinyi watu wa Wusi mnahesabu hata maharagwe yakiwa motoni. Ndiyo maana hayaivi."

"Mzee, kitabu lazima kiwe na namba."

"Kipe kitabu namba. Ndege waache."

Nikawapa ndege namba, moja hadi arobaini na nne, kimyakimya.

Katika bustani kulikuwa na benchi moja la kijani, na kibao kilichosema kwamba ni la abiria wa daraja la kwanza. Mtunza Bustani alilipaka rangi kila mwaka na sijawahi kumwona amelikalia. Sisi wawili tulichuchumaa nyuma ya tangi la maji, pale ambapo stesheni masta hakufika kwa sababu ya matope. Miaka minne nilitazama ndege nikiwa nimechuchumaa, magoti yanawaka, daftari juu ya paja, na benchi tupu mbele yangu likipigwa na jua. Siku moja mama mmoja wa Kizungu alilikalia akingoja treni, ana darubini shingoni. Chozi mwekundu kifuani akatua hatua tatu kutoka kiatuni pake. Yule mama akamwita Mtunza Bustani akamwuliza kwa Kiswahili cha jikoni jina la ndege.

"Ndege tu, memsahib," alisema, akaendelea kukata majani.

Nilitamani kutoka nyuma ya tangi nipige kelele. Nilijua kwamba anamjua ndege yule kwa majina mengi, la asubuhi, la wakati wa maua, la akiwa na makinda. Jioni nilimshika. "Kwa nini hukumwambia?"

"Treni ilikuwa imebakisha dakika kumi," alisema. "Habari za yule ndege ni za mwaka mzima."

"Basi niambie mimi. Mimi siendi popote."

"Wewe unataka jina moja."

Ni kweli, nilitaka jina moja. Mtu anayetunga kitabu afanye nini na majina matatu? Alinipa jina Jumatatu, Alhamisi akanipa jingine, na nilipomwonyesha kwamba yanapingana, alishangaa kwamba nilidhani ndege habadiliki na siku. Nilirudi chumbani nikiwa na hasira za kulia. Nilimpenda, lakini kulikuwa na jioni nilizotamani augue kidogo, siku mbili tatu, niandike kwa amani.

Na asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu wa ndege. Alipenda supu ya kanga kupita kiasi. Alitega kanga kwa nyuzi za katani upande wa mto, akawapika kwa nyanya za bustani ya reli, akinyonya mifupa huku akinieleza jinsi kanga jike anavyowafundisha wanawe kulala mtini. Nilimwambia siwezi kula na kusikiliza mambo hayo kwa wakati mmoja. "Basi sikiliza," alisema, akavuta bakuli langu.

Kunguru nao aliwapiga mawe. Ukimwuliza kwa nini kunguru tu, alisema, "Wananijua." Hakueleza zaidi.

Sasa nifike kwa fumbwe, maana ndiye aliyenichosha kuliko wote.

Fumbwe, kwa asiyemjua, ni ndege mdogo mweusi, shingo ya rangi ya dhahabu, kifua kama kutu, na mkia mweusi unaouzidi mwili mara mbili, hata akiruka anaonekana kama mtu aliyebeba ngazi ndani ya upepo. Mvua zikija, anakuja. Kiangazi kikikolea, hayupo. Katika kitabu changu alikuwa namba kumi na saba, na mbele ya jina lake palikuwa na nafasi tupu kwenye safu niliyoiita "Huenda wapi?" Nafasi ile iliniuma kama jino. Niliwauliza mafundi wa treni, niliwauliza wachuuzi. Nilimwuliza Mtunza Bustani mara nisizokumbuka.

"Hajaenda mbali," alisema.

"Mbali ni wapi? Mwatate? Maktau?"

"Hajafika huko."

Mwishowe niliomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda treni mpaka Taveta, na kutoka hapo kwa miguu mpaka Mata, kwa sababu nilisikia kule maji hayakauki na mashamba ni mabichi mwaka mzima. Nilifikiri, ningekuwa fumbwe, ningeenda Mata. Nilikuta mzee mmoja analima, nikamsalimu, nikamweleza ndege mwenyewe, rangi, mkia, mruko.

"Mwenye mkia mrefu? Wapo," alisema. "Wapo sana."

"Hata wakati huu wa kiangazi?"

Aliniangalia, kaptura iliyopigwa pasi, daftari, kalamu mfukoni. "Ukitaka wakati huu, wapo."

Sikumwona hata mmoja. Lakini nilikuwa na ushahidi wa mtu mzima, mwenyeji, aliyeulizwa kwa adabu. Nikaandika mbele ya kumi na saba, kwa wino, "Huhamia upande wa Mata." Leo nikikumbuka ule uso wa mzee wa watu, akimpa mgeni jibu alilotembea siku nzima kulifuata, naona aibu mpaka masikioni.

Nilirudi Voi nikaenda moja kwa moja nyuma ya tangi.

"Umemwona?" aliuliza Mtunza Bustani.

"Sikumwona. Lakini wapo."

Pale kwenye jiwe walikuwa wanakunywa ndege wawili wa kahawia, wenye michirizi kichwani kama ya mtu aliyelala kwenye mkeka. Akawaelekezea kidevu. "Huyu hapa anakunywa."

"Hao ni thelathini na moja na thelathini na mbili, Mzee," nilisema. "Shomoro wa michirizi, mweusi kidogo na mweupe kidogo. Mimi nasema kumi na saba."

"Haya," alisema, akaenda kumwagilia.

Mwaka uliofuata alistaafu, akarudi kwake Bura. Bomba likatengenezwa na kijana mpya, likakauka kabisa, na stesheni masta akafurahi. Nilibaki na ndege wachache waliokuja kwa mazoea, wakakaa juu ya jiwe kavu, wakaondoka. Nilijaribu kuilegeza nati ya bomba mwenyewe. Niliilegeza sana, bustani ikajaa maji, nikaonywa kwa barua.

Kazi ya kunakili kitabu kwa mara ya nane ilinichukua miezi mitano. Kilikuwa safi. Sikuona hata tone, hata mstari uliopinda. Kabla ya kumpelekea yule mwalimu nilitaka Mtunza Bustani anisikilize mara moja tu, tangu mwanzo mpaka mwisho, aseme ndiyo. Basi Jumamosi moja nilipanda kwenda Bura.

Nilipofika uani, mke wake alikuwa anachambua sukuma wiki. Nilimsalimu, akageuka akaita jina kuelekea shambani. Ni jina ambalo sikuwahi kulisikia, nami nikatazama nyuma yangu nione ni mgeni gani mwingine aliyekuja. Aliyetoka kwenye kabichi alikuwa Mtunza Bustani, anapapasa njia kwa fimbo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, meupe kama chai iliyozidi maziwa.

"Ni karani," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nasikia viatu vinavyoogopa tope."

Tulikaa kwenye gogo kando ya mfereji, chai ikaletwa. Nikamwambia nimekuja kusoma kitabu, na kwamba mwalimu anakingoja, na kwamba nataka akinyamaza nijue amekubali. Akasema haya. Nilisoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na kila ndege aliyelia mtini alinyosha kiganja nisubiri, kisha akakishusha. Namba kumi na saba ilipita. Alikohoa kidogo kwenye Mata. Nilipofika thelathini na moja na thelathini na mbili alianza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka chai ikamwagika.

"Nini, Mzee?"

"Umewapa talaka," alisema. "Watu wa nyumba moja. Huyo mweusi kidogo ni mume, mweupe kidogo ni mke. Na huyo mume ndiye kumi na saba wako. Mvua zikiisha anavua mkia, anavaa nguo za kazi, anakaa na mkewe. Mvua zikirudi anavaa tena. Kwenda Mata aende kufanya nini?"

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilisimama. Nilikumbuka siku tatu za Mata, nakala nane, usiku niliokesha kwa ajili ya nafasi moja tupu, na yeye amechuchumaa kando yangu muda wote huo. Nilimfokea. Nilimfokea mzee asiyeona, nyumbani kwake, chai yake mkononi mwangu.

"Miaka minne! Ulijua, ukaniacha niandike upuuzi? Ningewapa watoto!"

Mama alitoka jikoni ameshika kisu. "Kuna nini huko?"

"Hakuna neno," alisema mumewe. "Karani amegombana na ndege." Kisha akanitafuta kwa mkono, akanivuta nikae. "Nilikuambia mara moja. Ukanijibu namba."

"Ungesema tena!"

"Ulikuwa umeshaandika kwa wino."

Nikamwuliza wino una nini. Alizungusha kikombe, akanywa kilichobaki.

"Siku nilipoandikwa kipande, kile cheti cha serikali tulichovaa shingoni," alisema, "tulikuwa foleni ndefu. Karani akamwuliza aliye mbele yangu jina, akaandika. Akaniuliza mimi, akaandika jina la yule yule tena. Nilimwona midomo inavyolisoma. Nikamwambia, bwana, hilo ni la huyu aliyetangulia, mimi naitwa hivi. Akasema, limeshaandikwa kwa wino, toka. Nikasema tena. Nikapigwa kofi. Basi nikalibeba. Siku ya mshahara wanaita jina la mtu mwingine, mimi naitika. Barua ya kustaafu imekuja kwa jina hilo. Yule mwenyewe sijui alifia wapi." Akakuna goti. "Wewe ulikuwa karani, mwanangu. Ulikuwa na wino. Nikasema moyoni, haya, nao ndege wamepata kipande."

Jina nililokuwa nikimwita miaka minne, kila niliposahau kumwita Mzee, halikuwa lake. Ndiyo maana hapa sikuliandika, na lile alilolitaja mkewe si langu kulitoa.

Nikafungua kitabu kwenye namba kumi na saba. Ukurasa ulikuwa safi kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Nilishika kalamu muda mrefu, mpaka Mama akaacha kuchambua mboga akanitazama. Kisha nikapiga mstari juu ya Mata. Nibu ilikwaruza. Nikageuza karatasi nikapiga mwingine juu ya thelathini na moja, na mwingine juu ya thelathini na mbili, na wa mwisho ukapinda.

Mtunza Bustani alikuwa ameinua kichwa. "Hiyo sauti ni nini?"

"Nimefuta, Mzee."

"Umefuta kwa wino?"

"Kwa wino."

Akageuza sikio kuelekea njia ya kutoka barabarani, akatulia hivyo, fimbo mkononi, kama mtu anayengoja kusikia viatu vya askari. Maji ya mfereji yalipita.

"Hakuna aliyekuja," alisema mwishowe. Akasogea karibu nami kwenye gogo mpaka mabega yakagusana. "Haya. Soma tena, tangu namba moja, polepole. Na kalamu usiifunike."